Umeiacha baiskeli miezi kadhaa, sasa unataka kwenda Nzega?

Kila anayerudi kwenye baiskeli baada ya kukaa nje huniuliza habari za pumzi. Pumzi haitakusumbua muda mrefu. Ni kweli inashuka upesi: ukikaa bure wiki mbili tatu, majimaji ya damu yanapungua, moyo unasukuma damu kidogo kwa kila pigo, na kamwinuko ulikokuwa unakapanda huku unapiga soga kanakufanya uhemee juu juu. Lakini inarudi upesi vilevile. Ukitoka mara kwa mara kwa wiki chache, unajiona mzima tena. Hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa, maana pumzi imesharudi kazini wakati makalio, magoti, shingo na viganja bado viko likizo. Kwenye kilomita 30 hutajua. Kwenye kilomita ya 60 utajua, na wakati huo uko katikati ya miombo na nyumbani ni mbali.

Mimi kazi ilinitoa barabarani msimu mzima wa mvua. Niliporudi nilitaka kwenda Nzega kutoka Tabora mjini, kilomita kama 115 za lami, na nikaamua kwamba ratiba itapangwa na kiungo kinachochelewa kupona, si kile kinachowahi. Ushauri wangu wote umetoka hapo.

Tuanze na baiskeli yenyewe, kwa sababu nayo ilikuwa imekaa. Tairi lililosimama bila upepo hupasuka nyufa pembeni, pale linapokunjika. Lipinde kwa vidole utaziona. Nyufa za namna hiyo usizipeleke safari ndefu, hata kama kashata, yaani meno ya tairi, bado ni nzima. Waya za breki hushika kutu ndani ya mpira wake, ukibana zinarudi polepole. Grisi ya kwenye gololi hukauka. Ya kwangu nilipochomoa bomba la siti nilikuta nyigu wamejenga vyumba vya udongo ndani ya fremu, na siti yenyewe panya walishaionja. Mpe fundi nusu siku aifungue yote, halafu kaa naye. Huyo fundi wa chini ya mwembe, kama amezoea Phoenix, zile baiskeli za kubebea mkaa, gololi anazijua kuliko mtu yeyote, ila gia umwelekeze.

Urefu wa siti usikadirie kwa macho. Egemea ukuta, kaa sawasawa, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke bila nyonga kulalia upande mmoja. Ukihamisha unyayo ili sehemu ya mbele ndiyo ikanyage, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi siti iko chini mno; likiuma kwa nyuma, iko juu mno. Pandisha au shusha kidogo kidogo, nusu sentimita, kisha ujaribu siku mbili kabla hujagusa tena.

Sasa makalio. Watu wanaona aibu kuyazungumzia na ndiyo yanayowarudisha kwa gari. Ngozi na mifupa ya kukalia huzoea kwa kurudiwa, haizoei kwa kuteswa siku moja. Dakika 40 mara nne kwa wiki zina faida kuliko saa tatu za Jumapili peke yake. Kaptula ya baiskeli yenye sponji huvaliwa bila nguo ya ndani, kwa sababu mshono wa nguo ya ndani ndio unaochubua. Paka mafuta ya mgando panaposuguana. Ukifika, vua na uoge hapo hapo. Kukaa na jasho kijiweni unasimulia safari ndiko kunakoleta majipu. Na usidanganywe na siti pana laini kama godoro. Kwa kwenda sokoni ni tamu, lakini baada ya saa mbili inabana mishipa isiyopaswa kubanwa.

Wenzetu wa Kigoma wanatuonea wivu kwa tambarare yetu. Wao ukitoka mjini kuelekea Kasulu ni vilima. Lakini kilima kinakuinua kwenye siti na mteremko unakupumzisha miguu. Barabara zetu hazikupi hata kimoja. Unakaa palepale, unakanyaga vilevile, saa nzima. Kwa hiyo jilazimishe. Kila dakika kumi simama kwenye pedeli, kanyaga mara ishirini, kaa. Badilisha mahali pa kushika usukani kabla viganja havijakuambia. Kidole cha mwisho na cha pete vikianza kufa ganzi, mshipa wa fahamu unaopita upande huo wa kiganja umebanwa: kunja viwiko, punguza kuuegemea usukani, na ikiendelea upandishe kidogo.

Mwendo nao uwe wa kuweza kusema sentensi nzima bila kuikata. Ukikosa mtu wa kuongea naye, imba. Tumia gia nyepesi, miguu izunguke upesi, maana gia nzito ndiyo inayokula magoti ya mtu aliyetoka mapumzikoni. Utapitwa. Mimi nilipitwa na mzee mwenye baiskeli ya mkaa, alikuwa anarudi mtupu baada ya kuuza. Tukasalimiana, mwangaluka, akanitazama nyuma kwenye keria.

"Mwanangu, umebeba nini?"

"Sijabeba kitu, mzee. Nafanya mazoezi."

Alicheka mpaka akayumba, akaniacha.

Kuhusu umbali, nilianza na kwenda Tumbi, hapa jirani na mji, na kurudi, kisha nikawa naongeza safari ndefu ya wiki kwa kilomita 10 hadi 15, wiki ya nne napunguza. Ikiwa makalio au goti vimelalamika siku mbili baada ya safari, wiki inayofuata narudia umbali ule ule, hata kama pumzi imebaki tele. Naamini mtu aliyemaliza kilomita 80 akashuka bila kuchechemea, 115 atazimaliza. Si lazima ufike 100 kwenye mazoezi.

Njia ipi ya mazoezi? Hapa wengi hawafikirii upepo. Kiangazi upepo wetu hutoka mashariki na kusini-mashariki. Ukielekea Urambo, magharibi, unasukumwa, unafika Ndono, kilomita 42, unajiona bingwa. Kisha unageuza, na kilomita 42 zile zile unazipigania upepo ukiwa usoni na jua limeshakuwa kali. Kwa mtu anayerudi kutoka mapumziko, barabara ya Sikonge ni rafiki zaidi. Unaenda kusini ukipambana na upepo asubuhi ungali na nguvu, unageuza popote unapochoka, na upepo unakurudisha mjini. Ila ujue kwamba ukisukumwa na upepo hewa haikupigi, jasho halikauki, na mwili unapata joto kuliko ulivyodhani. Bakiza maji ya kujimwagia kichwani na shingoni. Na siku utakapovuka Sikonge kuelekea Ipole, acha jezi ya buluu na nyeusi nyumbani. Mbung'o hufuata kinachotembea na rangi hizo huzipenda.

Kuhusu saa ya kutoka, usifuate ratiba ya mwenzio wa Dar es Salaam. Jua la Tabora huchelewa kuchomoza karibu nusu saa kuliko la huko. Mwezi wa Julai linatoka karibu saa moja, kwa hiyo saa kumi na mbili kamili hapa bado ni giza na mabasi ya safari ndefu yameshaingia barabarani. Mwisho wa Oktoba saa kumi na mbili na nusu kumekucha, lakini ndio wakati wa joto kali kuliko mwaka mzima, na kufikia saa tano uwe unakaribia kumaliza. Vaa nguo ya rangi kali mgongoni na weka taa nyekundu nyuma. Lori likikupita karibu, kwanza linakusukuma kisha linakuvuta. Shika usukani bila kuukaza, usitazame pembeni.

Chakula ni jambo ninalopenda kulisema kwa sababu Tabora tumebarikiwa. Akiba ya nguvu kwenye misuli inatosha kama saa moja na nusu hadi mbili za kazi ya maana. Baada ya hapo mwili unataka gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na uanze kuula kabla njaa haijafika, ndani ya dakika 45 za mwanzo. Ndizi mbivu moja ni kama gramu 25. Kijiko cha chakula cha asali ni kama 17, tena asali ina sukari za aina mbili ambazo utumbo huzipitisha kwa njia tofauti, ndiyo maana haikwami tumboni upesi. Mimi huichanganya na maji kidogo na chumvi kwenye chupa ndogo. Mfukoni naweka matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Hayaharibiki, hayayeyuki, na yanakulazimisha kutafuna taratibu. Karanga nazihifadhi kwa baada ya kufika, mafuta yake yanachelewa kusagika. Maji, nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa, na kwenye safari ya zaidi ya saa mbili yasiwe maji matupu. Vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita moja vinatosha kabisa.

Kama kilichokuweka nje ni malaria, usianze kuhesabu wiki zako kuanzia siku homa ilipokata. Malaria inakula damu. Ukipanda ngazi ukaona moyo unakimbia ovyo, au kope kwa ndani zimepauka, nenda kapime wingi wa damu kwanza. Na homa yoyote, hata ya mafua, ni siku ya kulala.

Siku ya Nzega, gawanya safari kwa Puge, ambayo ni kama nusu ya njia, kilomita 56. Usisimame kabla ya hapo zaidi ya dakika tano. Ukifika Puge kaa nusu saa kivulini, kula, vua viatu, jaza chupa zote. Beba tyubu mbili na viraka, kwa sababu miiba ya kando ya lami haikosekani, pamoja na pampu uliyoijaribu nyumbani. Usipange kurudi kwa kukanyaga. Rudi kwa basi. Kubaliana bei ya baiskeli na konda kabla haijapanda juu, toa tairi la mbele mwenyewe, na upande wa mnyororo uutazamishe juu.