Mashine ya kujazia risasi: uliza vituo kabla ya kasi

Msomaji ameniuliza ni mashine ipi ya kujazia risasi nyumbani inayotoa nyingi zaidi kwa saa. Swali hili haliishi, na jibu langu halibadiliki: ina vituo vingapi vya kazi, na sahani inayobeba maganda inazungushwa na nani, wewe au mashine yenyewe? Nachukulia kibali unacho na sheria ya kwenu inaruhusu.

Kwenye mashine ya mfululizo, kila ukivuta mkono maganda kadhaa yanafanyiwa kazi kwa pamoja. Moja linatolewa fataki iliyotumika (kichochezi cha kitakoni kinachowasha baruti) na kurudishwa kipimo chake, la pili linapokea baruti, la tatu linatiwa kichwa cha risasi, la nne linabanwa mdomo. Mashine yenye vituo vitano ina nafasi ya kukagua kimo cha baruti kabla kichwa hakijatiwa, na hicho ndicho kituo cha kulipia. Ganda la .38 Special, risasi ya bastola, likitiwa baruti inayoungua haraka halijai hata nusu. Vipimo viwili vinaingia, kichwa kinakaa juu yake, na kwa nje huoni tofauti. Risasi hiyo yaweza kupasua bastola mkononi. Ganda lisilo na baruti nalo si salama: fataki peke yake inasukuma kichwa kikakwama kwenye mtutu, na risasi inayofuata inakikuta humo.

Dillon RL 550 ina vituo vinne na sahani unaizungusha mwenyewe. Ukisahau, ganda lile lile linapokea baruti mara ya pili. Dillon XL 750 na Hornady Lock-N-Load AP zina vitano na zinajizungusha, kwa hiyo kosa hilo linapungua, ila ukikatiza mvuto njiani ganda linaweza kupata baruti pungufu. Square Deal B, nayo ya Dillon, inatumia kalibu zake pekee (vyuma vinavyounda ganda na kutia kichwa); za kawaida ulizonazo hazitaingia.

Fataki ndizo zinazosumbua kuliko vyote. Maganda mengi ya kijeshi yana ukingo uliobanwa kushikilia fataki, na usipouondoa, fataki mpya inapondeka ikiingia. Mkono ukigoma, usiulazimishe! Kwenye mashine kuna mrija wenye fataki hadi 100, na moja ikilipuka inaweza kuamsha zote. Miwani ya kinga ivaliwe muda wote.

Sahani inayojizungusha husimama kwa mshtuko, na ganda fupi lililojaa humwaga chembe za baruti. Chembe zikijikusanya chini ya fataki, fataki inabaki imeinuka. Pitisha kidole kwenye kitako cha ganda: fataki inatakiwa iwe imezama kidogo. Iliyoinuka huzuia silinda ya bastola isizunguke. Basi kila unapojaza mrija, safisha sahani kwa brashi.

Meza nayo ifungwe ukutani. Dillon 550 na 750 hukaza fataki unaposukuma mkono mbele, na meza ikiyumba nguvu inapotea.

Anayejaza aina moja tu ya risasi achukue yenye vituo vitano inayojizungusha. Mwenye aina nne au tano atafaidi zaidi 550, maana kila aina inadai vifaa vyake: sahani, pini za kushikilia maganda, faneli ya baruti, na pengine mfumo mzima wa fataki. Uliza bei ya vifaa hivyo kabla hujalipia mashine.

Ukianza, pitisha ganda moja tu kwa wakati, kutoka kituo cha kwanza hadi cha mwisho, na kabla ya kutia kichwa umwage baruti ya kila moja kwenye mizani hadi vipimo vilingane na kitabu cha mtengenezaji wa baruti hiyo.