Maswali na Majibu: Kochi la Bellini, Taa ya Arco na Fundi wa Keko

Barua za safari hii ni nyingi, na nusu yake zinauliza jambo lilelile moja. Nalianza hilo ili lituondokee. Wasomaji wa siku nyingi wanajua tunachozungumza hapa: samani zilizobuniwa Italia baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ambazo viwanda vinazirudisha madukani kwa ajili ya nyumba za leo.

"Nimeona tangazo la kiti cha Gio Ponti, wameandika 'orijino, kipya kabisa'. Kitakuwaje orijino na kipya, na mwenyewe alishafariki?" – Mikocheni

Ponti, msanifu majengo na mbunifu wa Milano, alifariki mwaka 1979, na kiti chake bado kinaweza kuwa kipya na halali. Haya, kwa mara nyingine tena. Kuna kitu cha zamani, kilichotoka kiwandani enzi zile. Kuna toleo jipya lenye idhini: wenye haki wameafikiana na kiwanda, michoro imetolewa kabatini, kiti kinatengenezwa leo. Halafu kuna kopi, ambayo hakuna aliyeombwa ruhusa yoyote.

Kwa Ponti, kampuni ya Molteni&C ilianza kutoa upya samani zake mwaka 2012 kwa makubaliano na warithi. Miongoni mwake kuna kiti cha D.153.1, alichokichora mwaka 1953 na kukiweka nyumbani kwake mtaa wa via Dezza, Milano. Vitu kadhaa katika mkusanyiko ule vilitengenezwa vichache sana zamani, kwa ajili ya nyumba moja au mbili, kwa hiyo ukisubiri "cha zamani" utazeeka ukisubiri. Muulize muuzaji kitu kimoja tu: kiwanda gani? Akikujibu "dizaini ya Kiitaliano", funga simu.

"Kochi la Camaleonda linauzwa mtandaoni kwa bei ya friji. Picha ni zilezile za kampuni. Kuna ubaya gani nikichukua?" – Sharjah

Picha ni zilezile kwa sababu wameziiba. Tuanzie hapo.

Camaleonda ni kazi ya Mario Bellini ya mwaka 1970, iliyotolewa na kampuni iliyoitwa C&B, ambayo leo ni B&B Italia. Mwaka 1972 ilikuwa kwenye maonyesho makubwa ya ubunifu wa Italia katika jumba la makumbusho ya sanaa la MoMA, New York. Kabla muongo haujaisha ilikuwa imeshaondolewa kiwandani. Kwa miaka mingi waliobaki nayo ni wauza samani za mtumba tu, na bei yake ikawa inapaa. Mwaka 2020 kiwanda kikairudisha.

Sasa njoo karibu ulitazame. Kipande cha kukalia ni mraba wa kama sentimita 90 kila upande, umeumuka. Ule umuko hautokani na kujaza sponji nyingi. Kuna kebo zinazopita ndani na kuuvuta mto, ndizo zinazoleta yale mabonde na matuta. Mgongo na mikono vinashikizwa kwa ndoano na pete, unavifungua kwa mkono na kuvihamisha, leo kochi, kesho kitanda cha mgeni. Bellini alichokibuni hasa ni ule mfumo wa kufunga na kufungua. Kopi nyingi hazina kebo wala ndoano: wamepiga vifungo juu ya sponji laini, mgongo umepigwa stepla kwenye fremu, basi. Utalikalia vizuri msimu mmoja, halafu mabonde yatabaki na matuta yatapotea. Na kwa kuwa halifunguki, hata fundi makochi hodari hatakusaidia zaidi ya kulivua nguo lote.

Kuna mawili hukuyauliza. Kwanza, sponji isiyojulikana imetoka wapi ni hatari ndani ya ghorofa. Uliza cheti cha kuhimili moto, hata kama muuzaji atakuona msumbufu. Pili, pima mlango na lifti kabla hujapima ukuta. Halafu hicho kitambaa cheupe chenye manyoya kila mtu anachokitaka siku hizi, wenye watoto mkiache.

"Ni kweli kiti cha Superleggera kina uzito wa kilo moja na nusu? Mjomba wangu ana kilo 110." – Eldoret

Kilo 1.7. Ni kazi ya Ponti yuleyule; kampuni ya Cassina walikitoa mwaka 1957 na bado wanakitengeneza. Miguu yake ina pembe tatu, kila upande milimita 18 tu, na kikalio ni cha henzirani iliyosukwa. Inasimuliwa kwamba Ponti alikirusha kutoka ghorofani kikadunda bila kuvunjika. Mjomba akae bila wasiwasi, ila asiegemee nyuma kwa miguu miwili. Hata kwenye kiti cha zege hiyo ni tabia mbaya.

"Niko London. Muuzaji wa taa za Arco za bei nafuu ananiambia miaka 25 imepita, kwa hiyo kopi ni halali." – Barking

Muuzaji wako amelala usingizi tangu Julai 2016. Hapo ndipo Uingereza ilipofuta kifungu kilichokuwa kinapunguza ulinzi wa hakimiliki wa vitu vya kiwandani hadi miaka 25, na muda wa kumaliza stoki ukaisha Januari 2017. Sasa ni uhai wa mbunifu na miaka 70 baada ya kifo chake. Arco ni ya mwaka 1962, ya ndugu wawili, Achille na Pier Giacomo Castiglioni, kwa kampuni ya Flos. Achille alifariki 2002. Piga hesabu mwenyewe. Hata Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya taa hiihii, Flos dhidi ya Semeraro, mwaka 2011.

Sheria tuiweke kando. Kitako cha Arco ni marumaru ya Carrara ya kama kilo 65, na lile tundu lililotobolewa katikati ni la kupitisha mti wa fagio ili watu wawili waibebe. Kopi ikiwa na kitako chepesi, ule upinde wa chuma wenye taa kichwani utamwangukia mtu. Hapo hakimiliki haitakuwa na maana yoyote kwako, utakuwa hospitali.

"Niliagiza kiti cha UP cha Gaetano Pesce. Nilisikia kinakuja bapa kama chapati, unafungua kinajaa chenyewe. Changu kimekuja kwenye boksi kubwa kama gari. Nimetapeliwa?" – Muscat

Hapana. Ule mchezo ulikuwa wa toleo la 1969: kiti kilinyonywa hewa, kikafungwa kwenye nailoni, mnunuzi akachana na kukitazama kikiinuka sakafuni. Uzalishaji ulisimama mwaka 1973. Kiliporudi mwaka 2000 kilirudi na sponji ya kumwagwa kwenye kalibu, na kinasafiri kikiwa kimeshaumuka. Mimi nasikitika, maana kile kituko cha kufungua kifurushi kilikuwa nusu ya kazi yenyewe. Lakini kampuni haikuficha mabadiliko, na hilo ndilo ninalolidai kwa kila toleo jipya. Kinachonikera ni kampuni inayobadilisha kimo, mbao na vipimo vya kikalio, kisha inaandika mwaka wa zamani kwa herufi kubwa bila neno lolote.

"Nina fundi mzuri Keko. Nimempa picha ya kiti cha Luisa cha Franco Albini, anasema anaweza kunitengenezea sita kwa mninga. Wewe unaonaje?" – Tabata

Simtilii shaka fundi, ninayemtilia shaka ni picha.

Albini aliihangaikia Luisa kwa kama miaka 15, akiichora na kuichora tena, hadi ikapata tuzo ya ubunifu ya Compasso d'Oro mwaka 1955. Ilitengenezwa na karakana ya Poggi ya Pavia, leo iko kwa Cassina. Ukiitazama ni vipande vichache vya mbao, na hapo ndipo penye mtego. Penye vipande vichache, kila kiungo kinabeba mzigo, na pembe ya mgongo ikikosewa kidogo tu mtu hawezi kukaa mlo mzima. Picha haikupi pembe. Haikuonyeshi pia ulimi wa mbao umeingia kiasi gani ndani ya mguu. Fundi atakisia, na atakisia kwa unene, kwa sababu anaogopa kiti kisirudishwe. Utapata kiti kizito kinachofanana na Luisa kwa mbali.

Na kama mbao haijakauka sawasawa, mvua za masika zitakuonyesha.

Sasa niseme langu. Fundi anayejua mninga kuliko Mmilano yeyote, kwa nini tunampa kazi ya kunakili picha ya simu, tena tunampunguzia bei kwa kuwa "ni kopi tu"? Meda na Cantù, kule kaskazini ya Milano, palikuwa na karakana za maseremala kama Keko. Kilichowainua ni wasanifu majengo waliokaa nao benchini, wakachukua vitu ambavyo mafundi walikuwa navyo tayari. Superleggera imetokana na kiti cha mafundi wa mji wa Chiavari, kilichokuwepo tangu 1807. Stuli ya Mezzadro ya ndugu Castiglioni ni kikalio cha trekta juu ya chuma kilichopindwa, na baada ya kuonyeshwa mwaka 1957 ilisubiri zaidi ya miaka kumi kabla kampuni ya Zanotta haijathubutu kuiuza. Sisi tuna kiti cha enzi cha Lamu, kimesimama makumbusho na kwenye vibaraza vya hoteli. Mtafute mchoraji kijana, mkae watatu pamoja na fundi, mkipunguze, mkifanye chepesi. Fedha za viti sita zinatosha kuanzia.

Ukishikilia Luisa, basi iwe ya mezani kwako, usiiuze na usiiandike jina la mtu.

"Nimenunua mnadani kiti cha Lady cha miaka ya 1950. Nikikaa, unga wa njano unadondoka chini." – Brussels

Hiyo ni sponji yake inaaga. Lady ni ya Marco Zanuso, ya mwaka 1951, kwa kampuni ya Arflex iliyoanzishwa kwa ushirikiano na Pirelli, wale wa matairi, kutumia mpira wa povu kwenye samani, badala ya springi na manyoya ya farasi. Mpira wa umri huo hukakamaa, hupasuka, mwisho huwa unga. Usiukalie tena, maana kila ukikaa unasaga kitambaa kwa ndani.

Mpelekee fundi anayejua samani za enzi hizo. Abadilishe sponji na mikanda ya mpira iliyo chini yake, asiguse fremu. Kitambaa cha zamani na lebo usitupe hata kama vimechakaa, weka kwenye mfuko. Kama unataka kukaa tu bila kulea mgonjwa, Cassina walirudisha Lady mwaka 2015.

"Nataka kusafirisha kabati la Kiitaliano la palisanda ya miaka ya 1960 kuja Nairobi. Kuna ushuru gani?" – Torino

Ushuru waulize forodha. Mimi nakuuliza kibali. Mbao ya palisanda ya Brazil iko Kiambatisho cha kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu 1992, na bila karatasi kabati lako litalala bandarini. Ndiyo maana matoleo mapya hutumia mbao nyingine, msiendelee kuniandikia kwamba "rangi si ileile". Mpingo wetu ni wa ukoo huohuo, Dalbergia, nao una masharti tangu 2017.

"Nikinunua toleo jipya la Mollino leo, baada ya miaka 20 litakuwa na thamani gani?" – Kigali

Ya kiti kilichotumika. Meza ya mbunifu Carlo Mollino iliyouzwa mnadani Christie's mwaka 2005 kwa zaidi ya dola milioni 3.8 ilikuwa ya zamani, si ya dukani.

"Mshahara wangu ni wa mwalimu. Hakuna hata kimoja ninachoweza kununua?" – Morogoro

Tafuta Componibili za kampuni ya Kartell, zile kabati ndogo za duara za plastiki alizozibuni Anna Castelli Ferrieri miaka ya 1960. Hazijawahi kuhitaji kufufuliwa kwa sababu hazikufa. Anza na ya ngazi mbili, utaongeza baadaye kwa kupandanisha, hakuna skrubu. Usiiweke barazani penye jua, nyeupe itageuka njano.