Kabla hujanunua sabufa kubwa zaidi, sogeza kochi

Wakuu, nyie ambao ndo mmenunua spika za maana kwa mara ya kwanza, mmefika nazo geto mnakuta besi haipo, au ipo ila inaunguruma noti moja tu kama jenereta la jirani, msirudi dukani kwanza. Mi nilirudi. Nikaongeza ampli kubwa, hela ya kodi ya miezi miwili ikaondoka na besi ikabaki vilevile, baadae ndo nakuja kujua ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, yani sauti inapanda kidogo, wakati spika ileile ukiitoa katikati ya ukuta ukaipeleka kwenye kona inaweza kukupa zaidi ya hapo bure.

Chumba chenyewe kilikuwa mita 3 kwa 3, na dari la jipsamu nalo mita 3, tofali za simenti, chini tailizi. Kwa besi hakuna chumba kibaya kama hicho. Sauti inakimbia kama mita 343 kwa sekunde, kwahiyo mdundo wa hezi 57, yani mitetemo 57 kwa sekunde, wimbi lake lina urefu wa mita 6, nusu yake ni mita 3, linaenea ukuta hadi ukuta kama limepimiwa. Na vile urefu, upana na kimo vimelingana, basi vyote vinavimbisha hezi 57 hiyohiyo. Inavimba kwenye kuta, katikati ya chumba inakufa. Sasa kochi langu lilikuwa wapi? Katikati, chini ya feni.

Usiniamini, weka rumba, pale gitaa la besi linapotembea, sikiliza ukiwa katikati ya chumba halafu kasimame mlangoni. Utadhani umebadilishiwa redio.

Kochi nikalirudisha nyuma, ila sio mpaka liguse ukuta, maana hapo besi inavimba mpaka kichwa kinauma. Lilitulia kama mita moja na kidogo toka ukutani. Halafu sabufa. Chukua lile boksi liweke juu ya kochi kabisa, pale unapokaaga wewe, piga wimbo wenye besi inayopanda na kushuka, afu wewe ndo utambae pembeni ya kuta kichwa kikiwa chini. Pale utakaposikia noti zote ziko sawasawa, hakuna inayojikweza, ndo mahali pa boksi. Dogo alinikuta natambaa akaanza kunisaidia kutafuta, alijua nimedondosha hela. Kwangu ilikuwa nyuma ya ndoo za maji, wala sio kwenye kona, kwahiyo ndoo zikahama.

Kitu kingine, angalia waya. Fundi aliyenifungia aligeuza nyekundu na nyeusi kwenye spika moja, hii inasukuma ile inavuta, besi zinauana zenyewe na mi namlaumu aliyeniuzia. Kupima ni rahisi, chomoa waya kwenye ampli, gusisha betri ya tochi ya volti 1.5, chanya kwenye waya uliotoka kwenye tundu jekundu la ampli, hasi kwenye ule mwingine, gusa na kuachia tu. Koni, ile sehemu ya spika inayocheza, ikichomoza nje iko sawa, ikizama ndani imegeuzwa.

Trei za mayai ukutani achana nazo, zinapunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba, besi haizioni. Godoro nene lililosimamishwa kwenye kona linafanya kazi kuliko trei mia, japo nalo halimalizi. Kama una ikwalaiza, vile vitufe vya kupandisha na kushusha sauti nzito na nyembamba, shusha pale panapovimba, ila noti iliyokufa usihangaike kuipandisha, utaichosha spika na bado hutaisikia.

Na ukishapata besi ya kweli utaanza kusikia makelele mengine, mi mlango ulikuwa unatetemeka kila gitaa likishuka chini, nikajua spika imepasuka. Nikachomeka kipande cha ndala kwenye fremu, kimya.