Kona ya Seva: Agizo lipo kwenye faili, mbona halifanyi kazi?

Barua nyingi za safari hii zinahusu Nginx, programu ya seva ya wavuti, na karibu zote zina kilio kimoja: agizo (mstari wa usanidi) limeandikwa, linaonekana kwa macho, lakini seva inaenda kama vile halipo. Tumeanza na iliyoulizwa na wengi.

Ndugu Mhariri, tovuti yetu hupokea picha na PDF kutoka kwa wateja. Nimeandika `client_max_body_size 20m;` ndani ya `nginx.conf` na kuwasha seva upya, lakini faili la MB 3 bado linakataliwa kwa kosa 413 (ombi kubwa mno). Nimekosea wapi?

Huenda hukukosea ulichoandika, ila kuna mahali pengine panapokipiku. Agizo hili linaruhusiwa katika ngazi tatu: `http` (tovuti zote), `server` (tovuti moja) na `location` (njia moja ndani ya tovuti), na ngazi ya ndani ndiyo yenye kauli ya mwisho. Ukiweka 20m kwenye `http`, halafu faili la tovuti likawa na 2m ndani ya `server`, wateja wa tovuti hiyo watapata 2m. Lisipoandikwa popote, chaguo-msingi ni 1m.

Usifungue faili moja moja kutafuta. Iombe Nginx ikuonyeshe usanidi wote kama inavyousoma yenyewe:

`sudo nginx -T 2>/dev/null | grep -nE 'configuration file|client_max_body_size'`

Herufi T iwe kubwa. Ndogo hukagua tu bila kuchapisha. Utaona jina la kila faili, na chini yake mistari yenye agizo hilo kama ipo. Kisha tazama `/var/log/nginx/error.log`. Ikiwa ni Nginx hii iliyokataa, utakuta maneno `client intended to send too large body` pamoja na idadi ya baiti. Yasipokuwepo, aliyekataa ni mwingine: seva iliyotangulia mbele ya hii, au programu iliyo nyuma yake.

Na kama nyuma kuna PHP, ukivuka kikwazo hiki utagonga kingine. Huko `upload_max_filesize` ni 2M na `post_max_size` ni 8M kwa chaguo-msingi. Fomu huongeza baiti zake juu ya faili lenyewe, kwa hiyo usiweke namba zote sawa. Kwa faili la MB 20, weka `upload_max_filesize` 20M, na `post_max_size` pamoja na `client_max_body_size` 24M. Pakia upya Nginx na PHP-FPM (huduma inayoendesha PHP) pia; kupakia moja tu ndiko kunakowafanya watu waone mabadiliko yamegoma. Thamani 0 kwenye `client_max_body_size` huondoa ukaguzi kabisa. Tafadhali usiiweke kwenye seva iliyo wazi kwa umma ili tu kosa litoweke.

Habari za kazi. Nimeweka heda za usalama (maelezo yanayotangulia jibu la seva) kwenye `server`. Kurasa zinazo, lakini picha na faili za CSS hazina hata moja. Je, ni hitilafu ya toleo langu?

Si hitilafu. Tunakisia una bloku inayofanana na hii:

```
server {
    add_header X-Content-Type-Options nosniff;
    location /static/ {
        add_header Cache-Control "public";
    }
}
```

Kwa kawaida `add_header` hurithiwa kutoka ngazi ya juu pale tu ambapo ngazi ya chini haina `add_header` yake yenyewe. Ukiandika moja tu ndani ya `location`, zote za juu zimefutika ndani ya `location` hiyo. Hazijumlishwi. Dawa yake ni kuweka heda za usalama kwenye faili moja dogo, tuseme `snippets/usalama.conf`, na kuliita kwa `include` ndani ya kila `location` yenye heda zake. Malizia kila heda na neno `always`, maana bila hilo kurasa za makosa kama 404 na 500 hutoka bila heda. Thibitisha kwa `curl -I`, amri inayoonyesha heda tu, ukitumia anwani ya picha, si ya ukurasa wa mwanzo.

Kanuni hiyohiyo inaitawala `proxy_set_header`, inayopanga heda zinazopelekwa kwa programu iliyo nyuma, na huko madhara ni makubwa zaidi. Ukiongeza heda moja ndani ya `location`, ile `Host` uliyoipanga juu hupotea, na programu iliyo nyuma huanza kutengeneza viungo vyenye jina lisilo la tovuti yako.

Nilinakili faili la tovuti kuwa `tovuti.bak` kabla ya kulihariri. Sasa napata onyo la `conflicting server name`, na mabadiliko yangu hayaonekani.

Nakala hiyo iko ndani ya `sites-enabled`. Kwenye Debian na Ubuntu folda hiyo husomwa kwa `sites-enabled/*`, yaani kila faili bila kujali mwisho wa jina lake, tofauti na `conf.d`, ambako husomwa yale tu yanayoishia na `.conf`. Nginx imekutana na jina moja mara mbili, ikashika la kwanza na kupuuza la pili. Hamisha nakala nje ya folda, endesha `nginx -t`, kisha pakia upya.

Nakabidhi seva kwa mwenzangu. Faili la usanidi lina mistari zaidi ya mia tatu. Niandike maelezo ya kila chaguo?

Hapana. Maana ya kila agizo imeshaelezwa kwenye mwongozo rasmi wa Nginx, na nakala yako itapitwa na wakati toleo jipya likiingia. Andika kile ambacho mwongozo hauwezi kukijua: kwa nini thamani hii, kwenye seva hii. Agizo lililobaki na chaguo-msingi na halina sababu maalumu, lifute kabisa kwenye faili. Kila mstari utakaobaki uwe ni uamuzi wa mtu.

Maelezo kama `# muda wa kusubiri` juu ya `proxy_read_timeout 180s;` hayamsaidii mtu. Linganisha na haya:

```
# Chaguo-msingi: 60s. Ripoti ya mwisho wa mwezi hukaa
# hadi sekunde 140 kabla ya kutoa baiti ya kwanza;
# ikipunguzwa chini ya hapo, mtumiaji hupata 504.
# Huu ni muda kati ya usomaji mmoja na unaofuata,
# si muda wa jibu zima.
# Iondolewe ripoti ikihamishiwa kwenye foleni ya kazi.
proxy_read_timeout 180s;
```

Hapa mwenzako anajua ilivyokuwa kabla, dalili atakayoiona akiigusa, na siku ambayo hatakuwa na haja nayo tena. Sentensi ya mwisho ndiyo watu huiacha, nasi tunaiona kuwa ya thamani kuliko zote, kwa kuwa bila hiyo hakuna anayethubutu kufuta chochote.

Maelezo yakae ndani ya faili lenyewe, juu ya agizo. Hati iliyo mbali husahaulika mtu anapohariri usiku huku tovuti imeanguka. Nje ya faili weka ukurasa mmoja tu: toleo la Nginx na moduli zake (`nginx -V` hutaja toleo na chaguo zilizotumika kuijenga), faili gani huita lipi, vyeti viko wapi na nani huvihuisha. Weka `/etc/nginx` kwenye Git, mfumo wa kutunza historia ya mabadiliko, lakini funguo za siri zisiingie humo kamwe.

Kwa kila badiliko, hifadhi picha mbili:

```
sudo nginx -T > kabla.txt
# hariri, kisha:
sudo nginx -T > baada.txt
diff -u kabla.txt baada.txt
```

Tofauti ikizidi ulichokusudia, simama hapo kabla ya `systemctl reload nginx`. Mwambie mwenzako pia kwamba `nginx -t` hukagua sarufi na kama faili zinazotajwa zinafunguka. Haijui kama tabia ya seva ndiyo uliyoitaka, ndiyo maana kando ya agizo nyeti inafaa kuandika amri ya `curl` ya kulipima.

Swali fupi: mkwaju (/) wa mwisho kwenye `proxy_pass`, agizo la kupeleka ombi kwa programu iliyo nyuma, una kazi gani?

Kubwa kuliko inavyoonekana. Ndani ya `location /api/`, ukiandika `proxy_pass http://127.0.0.1:3000;` ombi la `/api/watu` hufika kwenye programu kama `/api/watu`. Ukiongeza mkwaju, `http://127.0.0.1:3000/`, hufika kama `/watu`. Programu isiyoijua njia hiyo itajibu 404, na wewe utaitafuta kasoro kwenye Nginx ambayo imefanya ulichoiagiza. Juu ya mstari huo andika njia ambayo programu inaitarajia.