Vigae Vyangu vya Tairi Vinamomonyoka Pembeni

SWALI: Shikamoo mama fundi. Mimi ni kijana wa Mbagala. Niliona wenzangu wanayeyusha plastiki na mchanga wanapata matofali ya kukanyagia, nikajaribu tairi kwenye nusu pipa. Moshi ukajaa mtaa mzima, nikaambulia masizi na uji unaonata. Sasa nanunua chenga za mpira, nachanganya na gundi ya poliyurethani kilo 4 kwa kila kilo 100, maana gundi ni ghali. Vigae vinatoka, lakini ukikunja pembe inabaki mkononi. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo pipa usiliwashe tena, moshi ule ni sumu kwako na kwa watoto wa jirani. Plastiki ukiipasha inalainika, ikipoa inaganda. Mpira wa tairi umeshapikwa na salfa kiwandani, na salfa imeufunga kwa namna isiyofunguka kwa moto wa mkaa. Charles Goodyear wa Marekani aligundua upishi huo mwaka 1839. Mpira uliopikwa hivyo ukiuzidishia moto unaungua tu. Waangalie mafundi wa makatambuga: wanakata, wanatoboa, wanapigilia misumari. Umeshamwona anayeyeyusha?

Basi kinachoshika kigae chako ni gundi, na hapo ndipo ulipojibana. Kilo 4 hazitoshi. Mimi naweka 8 mpaka 10 kwa kilo 100 za chenga za milimita 1 hadi 4. Na uzichekeche kwanza, kwa sababu vumbi linakunywa gundi. Ukikaanga samaki unalijua hili: kilo ya dagaa inamaliza unga mwingi kuliko kilo ya vipande vya nguru. Changanya mpaka kila chenga ing'ae. Ukifumba konzi, ukifumbua, donge libaki na alama za vidole. Likisambaratika, rudi kwenye gundi.

La pili ni unyevu, nalo liliniumiza sana. Masika moja niliacha magunia ya chenga chini, kwenye sakafu ya banda. Kwa macho zilikuwa kavu. Vigae vikaumuka kama maandazi ndani ya kalibu. Nilipokikata kimoja kwa kisu nikakuta matundu tupu, kama mkate. Gundi hii inakomaa kwa unyevu wa hewani, unyevu kidogo tu. Ikikutana na maji inatoa gesi ya kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo ndiyo inayoinua kigae. Mzigo ule wote, oda ya shule ya chekechea, niliubeba mimi. Tangu siku hiyo magunia yangu yanakaa juu ya mbao, chenga naanika juani kabla ya kuchanganya, na dramu ya gundi nafunga kifuniko papo hapo nikishachota. Kwa joto la Dar es Salaam na hewa yetu ya pwani, dramu iliyoachwa wazi inafanya ngozi juu upesi sana.

Kisha pima. Usijaze kalibu kwa macho. Kigae cha sentimita 50 kwa 50, unene sentimita 2 na nusu, nakipimia mchanganyiko wa kilo 5 na nusu hivi, halafu nashindilia mpaka unene ufike. Pembe zijaze kwanza kwa mkono, maana ndizo zinazobaki na njaa. Kama huna presi ya moto, kiache ndani ya kalibu kimebanwa kutwa kucha, usikichungulie.

Glavu uvae, na banda liwe na upepo. Gundi hii mbichi inaweza kukuachia pumu ya maisha, nakuomba usilichukulie jambo hili kimzaha.

Vikienda kwenye uwanja wa watoto, pitisha sumaku ya spika mbovu ndani ya chenga mara mbili. Waya mmoja wa tairi unatosha kutoboa unyayo. Na mwambie mteja aweke kivuli, kigae cheusi saa nane mchana kinaunguza miguu.

Vile vilivyomomonyoka usivitupe. Vikatekate, vichekeche, uvichanganye kidogo kidogo kwenye tabaka la chini la vigae vipya.