Shangazi Nijibu: Transi, huntha, shoga, mbona mnavichanganya?

Siku hizi meseji zinazonijia nyingi zinafanana, za Mbeya, Mafinga, Njombe mpaka Tunduma huko, watu wanauliza maana ya maneno wanayoyasikia kwenye simu na kwenye semina kuhusu jinsia afu nyumbani yanazua ugomvi. Nimechagua chache. Majina yote nimeyatoa, na nyie mlioandika ili niwasaidie kumtukana jirani yenu msahau, hiyo kazi mi sifanyi.

Shikamoo shangazi. Mimi nauza viazi hapa Uyole. Binti yangu yuko kidato cha tatu, alienda semina ya vijana akarudi na neno transijenda, nikamuuliza ndo nini, akasema ni watu wa jenda nyingine. Baba yake kusikia hivo akafoka, kwamba hao ni mashoga na semina zimeisha leo. Mimi sikumwelewa binti wala baba. Ni kitu kimoja au viwili?

Marahaba mama, ugonile. Ni viwili, na baba watoto asijione peke yake, hata watangazaji wa redio wanavichanganya kila siku.

Hapa kuna maswali matatu na kila moja lina jibu lake. La kwanza ni mwili, mtoto anazaliwa, mkunga anaangalia, anasema wa kiume au wa kike, ndo ile Me na Ke tunayojaza kwenye fomu. La pili ni mtu mwenyewe ndani yake anajijua ni nani, mwanaume au mwanamke, hapo wataalamu wanaita utambulisho wa kijinsia. La tatu ni anampenda nani, huo ni mwelekeo wa kimapenzi. Shoga, kwa maana inayotumika bara (maana Pwani mwanamke anamwita rafiki yake shoga na hamna anayeshtuka), linahusu swali la tatu, mwanaume anayependa wanaume. Transijenda, au transi kwa kifupi, ni swali la pili. Alizaliwa wakaandika Me lakini yeye anajijua ni mwanamke, huyo ni mwanamke transi, na aliyeandikwa Ke akajijua mwanaume ni mwanaume transi. Wapo pia wasiojiona upande wowote kati ya hiyo miwili. Wengine wote tuliobaki, ambao mkunga alichosema na tunachojijua ni kitu kilekile, tunaitwa sisijenda, ila neno hilo ukilitamka hapo sokoni watakuuliza dawa hiyo ya kupulizia viazi shilingi ngapi.

Kwa hiyo transi anaweza kupenda wanaume, au wanawake, au asitake habari za mapenzi kabisa, hayo ni maswali tofauti. Kama baba watoto anabisha mwambie kuhusu Iran. Ile ni nchi ya sheria kali za dini, mapenzi ya jinsia moja mtu anaweza kunyongwa, lakini Ayatollah Khomeini mwenyewe, kiongozi wao mkuu wa wakati huo, miaka ya 1980 alitoa fatwa kuruhusu upasuaji kwa watu transi na mpaka leo unafanyika kisheria. Sisemi Iran ni mahali pazuri pa kuishi kwa watu hao, hapana, nasema tu kwamba hata wao wanajua hivi ni vitu viwili.

Na hilo neno jinsia lenyewe limeanza kuonewa. Kuna Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi, kuna wizara nzima ina jina hilo, na kazi yao kubwa ni mambo ya vipigo vya ndoa, ubakaji, watoto kutelekezwa, wanawake kukosa haki. Semina nyingi za jinsia ndo zinazungumzia hayo. Kabla baba hajafunga geti amuulize binti kwa upole walifundishwa nini, maana kesho mtoto akipatwa na jambo anaweza asirudi kuwaambia kwa kuogopa kufokewa.

Shangazi mambo, sisi ni madereva bajaji hapa Mwanjelwa. Kijiweni tumebishana kuhusu Caster Semenya, yule mkimbiaji, mmoja anasema yule ni mwanaume aliyejibadili, mwingine anasema ni transi, mwingine anasema ni hanithi. Tumewekeana soda.

Poa wanangu. Wote mmekosa, hizo soda nileteeni mimi.

Semenya si transi. Alizaliwa Limpopo, Afrika Kusini mwaka 1991, akaandikishwa mtoto wa kike, akalelewa msichana, na hajawahi kusema yeye ni kitu kingine zaidi ya mwanamke. Hajabadili jinsia, na kumbe kesi yake yote ni kwamba alikataa kubadilishwa. Mwili wake kwa asili unatoa homoni ya testosteroni nyingi kuliko kawaida ya wanawake, na wenye riadha duniani wakaweka sheria kwamba wanawake wa aina yake wanaotaka kukimbia mbio kama mita 800 waishushe kwa dawa. Yeye ana dhahabu ya Olimpiki ya London 2012 na Rio 2016, akaenda mahakama ya michezo mwaka 2019 akashindwa, akaenda mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya, na mwaka 2025 majaji wakasema mahakama ya Uswisi, alikokata rufaa kwanza, haikumsikiliza kwa haki inavyotakiwa, japo sheria yenyewe ya riadha haikufutwa. Na hayuko peke yake, hiyo mita 800 ya Rio aliyeshika nafasi ya pili ni Francine Niyonsaba wa hapo Burundi na ya tatu Margaret Wambui wa Kenya, na wote wawili sheria hiyohiyo iliwakumba.

Watu ambao maumbile yao tangu kuzaliwa hayakai sawasawa na tunavyotarajia kwa mwanaume au mwanamke, iwe viungo, homoni au kromosomu, kwa Kiswahili tuna neno lao la siku nyingi tu, huntha. Mafakihi wa Kiislamu walishajadili karne nyingi zilizopita huntha anapata fungu gani kwenye mirathi, kwa hiyo si jambo la juzi. Wenyewe siku hizi wengi wanapendelea kuitwa watu wa intaseksi. Kenya kwenye sensa ya 2019 waliwahesabu, wakajitokeza 1,524, na sheria yao ya watoto ya 2022 inamtaja mtoto wa namna hiyo wazi kabisa na kumpa haki zake.

Hanithi ni kitu kingine, ni mwanaume asiye na nguvu za kiume, na mtaani limegeuka tusi. Yanafanana kwenye ulimi tu.

Shangazi, mimi ni mwalimu wa msingi wilaya ya Mufindi. Nina mvulana darasa la sita, anapenda netiboli, anasuka wenzake nywele, sauti laini, anatembea kama binti. Wenzake wanamwita "dada". Mwalimu mwenzangu amesema huyo ni transi na mzazi aitwe. Nifanyeje?

Mwalimu, usimwite mzazi. Utamwambia nini? Kwamba mtoto wake anasuka vizuri?

Mlichonacho hapo ni mtoto anayependa netiboli, basi. Mvulana mlaini ni mvulana mlaini, na msichana anayecheza mpira na kupanda miti, yule mnayemwita jike dume, ni msichana anayecheza mpira. Wengi wanakua wakiwa hivohivo na hawana swali lolote kuhusu wao ni nani, wengine tabia zinabadilika, na wachache sana wanakuja kujieleza kwamba ni transi. Hilo la mwisho ni jambo la mhusika kulisema mwenyewe kwa mdomo wake, kwa wakati wake, akitaka. Mwalimu hawezi kulisoma kwenye mwendo wa mtu uwanjani. Mi naona hapa ndipo haya maneno mapya yanapoharibika, kwamba zamani mlikuwa na tusi moja la kumpachika mtoto, sasa mnapachika neno la kitaalamu na mnajiona mmesoma.

Kazi yenu kubwa ni hao wanaomwita dada. Wakemeeni kama mnavyokemea kejeli nyingine yoyote, bila hotuba, bila kumsimamisha mtoto mbele mstarini kwamba "huyu msimcheke", maana hapo ndo mtakuwa mmemmaliza. Na huyo mwalimu mwenzio mwambie taratibu kwamba maneno kama hayo yakitoka ofisini yakafika kijijini, mtoto anaweza kupigwa hata na baba yake mzazi, na hamtaweza kuyarudisha.

Je, kuwa transi ni ugonjwa wa akili? Naomba jibu fupi.

Hapana. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeliweka kwenye orodha ya magonjwa ya akili, mwaka 2019 wakapitisha orodha mpya iliyoanza kutumika Januari 2022 na huko wakalitoa, likahamia sura ya afya ya kujamiiana ili anayehitaji matibabu bado ayapate. Ila kuishi unafichaficha na kutukanwa kila unapopita kunamletea mtu yeyote sonona, na hiyo sonona ndo ya kutibiwa.

Shangazi unatetea mambo ya wazungu. Huku kwetu hayakuwepo, na mtu hawezi kubadili jinsia aliyopewa na Mungu. Msomaji wa Njombe.

Kamwene ndugu yangu. Neno ni la wazungu, sikatai, transijenda limetungwa kwao miaka ya 1960. Watu ni kitu kingine. India kuna jamii ya hijra, imetajwa kwenye maandishi ya karne nyingi kabla hata Mwingereza hajafika, na mahakama yao ya juu kabisa mwaka 2014 ikawatambua kama jinsia ya tatu. Hapo jirani Kenya mwaka huohuo wa 2014, Audrey Mbugua, mwanamke transi, alilishinda baraza la mitihani mahakamani, likaamriwa limbadilishie jina kwenye cheti cha sekondari na alama ya jinsia itolewe. Alichokuwa anatafuta ni kazi, kila akipeleka cheti wanamuuliza hiki cha nani.

Na hilo la kubadili jinsia, sikiliza, magazeti ndo yanapenda kuandika "aliyejibadili jinsia" kana kwamba kila transi ameingia chumba cha upasuaji. Wengi hawajafanya upasuaji wowote, wengine wanatumia homoni tu, wengine hata hizo hapana, ni jina na mavazi, na wengine huku kwetu hata mavazi hawathubutu. Ukimuuliza mtu "umeshakatwa?" umemuuliza kuhusu sehemu zake za siri, swali ambalo mimi shangazi yako ukiniuliza nitakuchapa. (Na kwa vijana wanaonunua vidonge vya uzazi wa mpango dukani wakavimeza kama homoni, acheni, vinaweza kugandisha damu, ongeeni na daktari.)

Mambo ya Mungu na sheria hujanikamata nikiyapinga. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu kinahusu kitendo, kuingiliana kinyume na maumbile, na adhabu yake inafika kifungo cha maisha. Hakizungumzii mtu kujijua ni nani. Mtaani hiyo tofauti haiheshimiwi, najua, na ndo maana naandika haya. Wewe baki na imani yako, nilichokuomba ni usimwite mtu tusi na usiende kumsema.

Shikamoo shangazi. Tuna msiba Tukuyu, babu amefariki. Mtoto wa mjomba alihamia Johannesburg miaka mingi, aliondoka kama mvulana, sasa ni mwanamke, jina jipya, hati zake za kule zinasema Ke. Anakuja kuzika. Wazee hawajui. Nimwiteje mbele za watu, na msibani wanaume na wanawake wanakaa mbalimbali, atakaa wapi? Naumwa kichwa.

Marahaba mwanangu, poleni sana na babu. Hizo hati zisikushangaze, Afrika Kusini wana sheria ya kubadili hilo tangu 2003.

Kwenye kumwita, lugha yetu imekubeba zaidi ya unavyofikiri. "Amefika", "yeye", "mwenzetu", hakuna mahali inakulazimisha useme ni wa kike au wa kiume, na Kinyakyusa nacho hivohivo, bibi anaweza kumuulizia siku nzima asikosee. Shida iko kwenye kaka na dada, shangazi na mjomba. Hapo tumia ndugu, mdogo wangu, mpwa, binamu, mtoto wa mjomba, hamna mzee atakayestuka na binamu. Mkiwa wawili mwite jina lake jipya na dada kama ndivyo anavyopenda. Jina la zamani usilitoe kwa kujisahau, na wakikuuliza "kwani yule fulani yuko wapi" sema huyu ndiye mtoto wa mjomba, amekuja kuzika, inatosha.

Atakaa wapi usiamue wewe. Mpigie leo, kabla hajapanda basi, umuulize: unakujaje, umevaaje, unataka nani ajue na nani asijue. Inawezekana amekwisha amua kuvaa suruali na koti na kupita kimyakimya siku mbili hizo, watu wa aina yake wanajua kupima hatari kuliko sisi, na ukimtangaza kwa nia njema utakuwa umemwekea mtego. Inawezekana pia anataka kukaa na wanawake. Hapo tafuta mama mmoja mzito kwenye ukoo, yule ambaye akisema "njoo ukae hapa" hakuna anayehoji, umwambie mapema yeye peke yake, kwa ruhusa ya binamu yako. Na pale jikoni kuna masufuria ya kusugua na ndizi za kumenya, mpe kazi, mwenye kisu mkononi haulizwi maswali mengi.

Akilala, asilale nyumba yenye vijana wanywaji. Mtafutie chumba kwako au gesti ya mjini, na mtu wa kumrudisha stendi umpange kabla hamjazika.