Kidato cha Pili ndipo wahandisi wetu wanapopotelea

Mwalimu mwenzangu unayeripoti shule ya kata kwa mara ya kwanza, ukiwa umepangiwa fizikia au hisabati, karibu sana. Nimefundisha masomo hayo kwenye shule za serikali tangu 2009, na kuna jambo ambalo natamani ningeambiwa wiki yangu ya kwanza: usisubiri wafike Kidato cha Nne ndipo uanze kuwaeleza habari za uhandisi. Katika utaratibu tuliouzoea, fizikia na kemia ni za lazima kwa miaka 2 tu. Akishafanya mtihani wa Kidato cha Pili, mwanafunzi anaruhusiwa kuziacha, na wengi huziacha. Siku hiyo halii mtu. Mtoto anafurahi kupunguziwa mzigo, mzazi hana habari, na wewe unabaki na madaftari machache ya kusahihisha. Kumbe ameshaiaga PCM (fizikia, kemia na hisabati) ya Kidato cha Tano, ameshaiaga PCB (fizikia, kemia na biolojia), na stashahada nyingi za uhandisi zimeshamtoka, naye hajatimiza hata miaka 17.

Mtaala mpya ulioanza kuingia 2024 umeleta mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, kwa hiyo ulizia mapema shule yako iko mkondo upi. Ila hofu ya mtoto ni ileile.

Kinachowatoa kwanza ni lugha. Wamesoma miaka 7 kwa Kiswahili, halafu Januari moja kila kitu kinageuka Kiingereza. Mwaka wangu wa tatu kazini nilimsimamisha binti mmoja nikamuuliza maana ya presha ya fizikia, yaani nguvu inavyogandamiza eneo. Akaitiririsha fasili ya kitabuni kwa Kiingereza, neno kwa neno. Nikamuuliza, sasa kwa Kiswahili, kwa nini anaweka ngata kichwani kabla ya kujitwika ndoo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Bila ngata ndoo inauma sehemu moja, mwalimu. Ngata inatandaza uzito." Alikuwa ameifahamu presha tangu ana miaka 8, ila hakuna aliyemwambia kwamba ndiyo ileile. Tangu hapo utaratibu wangu ni huu: wazo linaingia kwa Kiswahili na kwa kitu wanachokijua, kisha tunalivisha Kiingereza cha mtihani, wanaliandika, wanalitamka. Mkaguzi akiuliza, mweleze. Mtihani utakuja kwa Kiingereza, hilo usilisahau hata siku moja, lakini anayekariri asichokielewa hafiki nacho mbali.

Kuhusu maabara: kati ya 2012 na 2014 kulikuwa na agizo la kila shule ya kata kujenga maabara 3, na majengo mengi unayoyaona yalisimama kipindi kile kwa nguvu na michango ya wananchi. Usishangae ukikuta jengo zuri limefungwa kwa kufuli, ndani kuna viti vibovu na vifaa ambavyo bado viko kwenye maboksi. Omba ufunguo siku hiyohiyo. Hesabu kilichopo, andika orodha, mpelekee mkuu wa shule. Vifaa vilivyokaa kabatini vikiogopwa visivunjike havijawahi kumfundisha mtoto yeyote.

Na visipokuwepo, anza na ulichonacho. Nilipokosa pendulamu niliazima timazi, ule uzito wa kamba wa kupimia wima wa ukuta, kwa fundi uashi aliyekuwa akijenga jirani na shule. Tuliifunga kwenye kenchi la darasa, kamba ikawa mita 1 kutoka ilipofungwa hadi katikati ya timazi, tukaisukuma kidogo tu, na mwanafunzi mmoja akashika simu yangu kupima muda. Mabembeo 20, kwenda na kurudi, yalichukua sekunde 40. Nikawauliza: nikiikata kamba nusu? Darasa zima likajibu 20. Tukafupisha hadi sentimita 50. Ikaja 28. Wakakataa. Wakasema aliyeshika simu amechelewa kubonyeza, wakabadilisha mtu, wakarudia mara 3, ikaja 28 na pointi. Kengele ya mapumziko ikalia, wakabaki. Kijana mmoja, ambaye kwenye majaribio yangu alikuwa hapati zaidi ya 20 katika 100, ndiye aliyesema tujaribu robo. Sentimita 25, sekunde 20. Sikuwa nimeandika kanuni yoyote ubaoni, na tayari walikuwa wanajua kwamba ili muda upungue nusu, urefu lazima upungue mara 4. Kipindi kilichofuata tulichora grafu ya muda wa bembeo moja, uliozidishwa kwa wenyewe, dhidi ya urefu, ukatoka mstari ulionyooka. Huyo kijana hakuacha fizikia.

Fundi alipokuja kuchukua timazi yake nilimwomba aingie darasani awaonyeshe anavyopata kona ya mraba ya msingi. Akatandaza kamba uwanjani, mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, akavuta mshazari mpaka ukasoma 5. Darasa la hisabati lilikuwa limeisoma kanuni ya Pythagoras wiki mbili kabla bila kujua ina kazi gani. Tafuta watu wa namna hiyo: fundi umeme, mtu wa pampu ya maji ya kijiji, anayefunga sola. Wakiombwa kwa heshima huja, na huja kwa furaha.

Hapo ndipo unapata nafasi ya kueleza ngazi zenyewe, maana watoto wengi wanajua neno "injinia" tu. Kuna fundi mchundo, anayeweza kuanzia VETA, vyuo vya ufundi stadi. Kuna fundi sanifu, mwenye stashahada. Kuna mhandisi mwenye shahada, anayesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam), Chuo cha Ufundi Arusha na MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) huchukua wanafunzi waliomaliza Kidato cha Nne kusomea stashahada za uhandisi, na mwenye stashahada nzuri anaweza kuendelea hadi shahada. Mtoto aliyekosa alama za kwenda Kidato cha Tano kwa PCM hajafungiwa, ilimradi alibaki na masomo yanayotakiwa, hasa fizikia na hisabati, akafaulu. Chukua mwongozo wa udahili wa mwaka husika, ubandike ukutani, na siku ya kujaza selfomu, ile fomu ya kuchagua masomo na vyuo, kaa nao mmoja mmoja. Usiwaache wajaze kwa kuangaliziana.

La mwisho linaonekana dogo. Kagua majina. Mwanafunzi wangu mmoja alifaulu vizuri Kidato cha Sita, akakwama kwenye mkopo wa elimu ya juu kwa sababu cheti cha kuzaliwa kilikuwa na jina moja na cheti cha mtihani jingine, na marekebisho yalimla mwaka mzima. Kosa lilianzia kwenye fomu ya usajili wa mtihani ambayo sisi walimu wake tuliijaza haraka jioni moja. Sasa kila Februari nawaambia Kidato cha Kwanza walete kivuli cha cheti cha kuzaliwa. Wasio nacho nawaandikia wazazi barua waanze kukifuatilia RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, na kabla ya usajili wa Kidato cha Pili kila mtoto anasoma jina lake mwenyewe, herufi kwa herufi, kisha anasaini pembeni.